Kashata nene, tairi bovu: soma ubavu wa tairi kabla ya mvua

Kila mvua zinapokaribia, simu ya studio yetu hupokea maswali ya aina mbili, ya mbegu na ya barabara. Safari hii kuna swali ambalo tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa sababu linahitaji msikilizaji atoke nje na simu yake, ainame kwenye gari na asome.

Dereva mmoja wa Dongobesh ana Toyota Mark X. Ni gari lake la familia, lakini siku za mnada hupakia watu hadi Babati, kama michomoko mingine. Alituandikia hivi: "Ndugu mtangazaji, nilinunua matairi manne ya mtumba, kashata nene kabisa. Miezi minne haijaisha, yanalika kama sabuni. Na nikishuka kona za kuja Dareda gari linacheza nyuma. Nimeuziwa nini?"

Tulimwomba atutumie picha ya ubavu wa tairi. Kwenye picha ya pili tuliona neno STUDLESS, na kando yake tarakimu nne: 3416. Hapo jibu lilikuwa limepatikana.

Studless ni tairi la theluji. Japani, hasa kaskazini kwenye kisiwa cha Hokkaido, watu wengi huwa na seti mbili za matairi: moja ya majira ya joto, nyingine ya miezi ya theluji. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mpira laini ambao haugandi kwenye baridi kali, na kila kashata hukatwa mikato myembamba mingi kama ya wembe ili ing'ang'anie barafu. Magari mengi tunayonunua hapa yanatoka Japani, na mengine hufika yakiwa yamevaa matairi hayo hayo. Vivyo hivyo matairi ya mtumba yanayokuja kwenye makontena.

Sasa angalia mtego ulipo. Tairi la theluji Japani hutumika miezi michache tu kwa mwaka, kisha huwekwa stoo. Kwa hiyo linapotupwa baada ya miaka mingi, kashata zake bado ni nene. Fundi wa hapa akiliweka mbele ya duka karibu na tairi la kawaida lililolika nusu, mteja atachagua lenye kashata nene, na kwa macho tu hana kosa. Lakini mpira ule laini ukikutana na lami yenye joto ya kati ya Dareda na Katesh, kashata hujipinda badala ya kusimama imara. Gari linayumba, breki zinachelewa, hasa lami ikiwa na maji, na tairi linalika upesi. Ile "kucheza nyuma" aliyoisema msikilizaji wetu ndiyo hiyo, na kwenye kona za kushuka haistahili kuzoewa.

Wapo watakaosema Mbulu kuna baridi. Kweli ipo, na sisi tunaotoa matangazo ya asubuhi mwezi wa saba tunaijua. Lakini watengenezaji wa matairi husema tairi la theluji linaanza kuwa na faida joto likiwa chini ya nyuzi 7 hivi. Mchana wa Mbulu haukai huko hata Julai, sembuse Katesh au Basotu.

Namna ya kulitambua ni rahisi. Tafuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Usipoona maandishi, tazama kashata kwa karibu: ikiwa kila moja imejaa mikato ya wembe kutoka ukingo hadi ukingo, na mpira unabonyea kwa ukucha, shuku.

Hapa wengine wametuuliza: je, tairi lililoandikwa ALL SEASON, la misimu yote, si ndilo bora? Neno hilo lina mvuto, maana nani hataki tairi la masika na kiangazi? Ila misimu inayosemwa pale siyo yetu. Ni misimu minne ya Ulaya na Marekani, na maana yake hasa ni kwamba tairi linaweza kuvumilia theluji kidogo bila kubadilishwa. Siyo tairi baya. Mpira wake ni mgumu kuliko wa studless, mifereji yake hutoa maji vizuri, na kwa gari la saloon linalotembea lami na changarawe linafaa kabisa. Tunachosema ni kwamba usilipie zaidi kwa sababu ya neno hilo peke yake. Tairi la kawaida la majira ya joto, lenye mifereji mipana na hali nzuri, litakufikisha vilevile.

Herufi M+S nazo zimewachanganya wengi. Maana yake ni matope na theluji, na mtengenezaji huziandika mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, tofauti na ile alama ya mlima ambayo hupatikana baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji. Ukiona M+S usidhani umepata tairi la tope jeusi la mbuga za Basotu. Tope lile likishanata kwenye mifereji ya tairi la saloon, tairi lolote la saloon, linakuwa donge moja laini. Kwa barabara za namna hiyo wakati wa mvua dawa ni kusubiri pakauke au kuacha gari dogo nyumbani. Hatujui tairi la Mark X litakalobadili hilo.

Turudi kwenye zile tarakimu nne. Huwa mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3416 ni wiki ya 34 ya mwaka 2016. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halistahili hata mjadala. Mara nyingine tarakimu hizi ziko upande mmoja tu wa tairi, na ukishafungiwa huo unakuwa ndani, kwa hiyo soma kabla fundi hajalivalisha kwenye rimu. Kampuni kubwa za matairi hushauri tairi likifika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 liondolewe hata kama kashata zinavutia. Mpira huzeeka kama ngozi ya kiatu kilichosahauliwa juani: nyufa ndogo ubavuni, kisha siku moja gari limejaa na jua ni kali, tairi linapasuka.

Unene nao una kipimo chake, huhitaji rula. Ndani ya mifereji mikubwa kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyokatiza chini ya mfereji. Kwenye matairi mengi vina urefu wa milimita 1.6. Kashata zikishuka hadi kulingana na kinundu, tairi ni kipara hata kama bado unaona mistari. Tusiende mbali bila kusema juu ya ule mchezo wa kuchonga kipara kwa kisu cha moto ili kionekane kina mifereji. Kwenye tairi la gari dogo ni hatari tupu, maana kisu kinakaribia nyuzi za chuma. Mifereji yenye kingo zisizolingana, au chini ya mfereji kunakoonekana waya, ni dalili ya kuondoka hapo dukani.

Sasa gari lenyewe. Mark X, Altezza, Crown Athlete: vijana wetu wanazipenda, na tunaelewa kwa nini. Ni saloon za mwendo, ziko chini, na mara nyingi zimewekewa rimu kubwa. Gari la msikilizaji wetu lilikuja na rimu za inchi 18 na matairi 225/45R18. Namba hizo zinasomeka hivi: upana wa tairi ni milimita 225, ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 hivi, na rimu ni inchi 18. Mark X za kawaida zilitoka kiwandani na 215/60R16, ambayo ubavu wake ni asilimia 60 ya 215, yaani milimita 129. Tofauti ni milimita 28 za mpira na upepo kati ya rimu yako na jiwe la barabarani.

Kwa anayeishi Dar es Salaam milimita 28 ni mapambo. Kwa anayetoka Dongobesh kupitia Bashnet, ndizo zinazoamua kama atafika na rimu nzima. Na kwa kuwa rimu ya 16 huvaa tairi lenye ubavu mrefu, kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu kilekile: milimita 664 dhidi ya 660. Spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kukusumbua. Cha kuhakikisha ni rimu ndogo isigusane na breki, kwa hiyo ijaribu bila tairi kwanza na uizungushe kwa mkono. Ushauri wetu kwa kaka wa Dongobesh ulikuwa huo: uza rimu za 18, tafuta za 16. Matairi ya 16 pia kwa kawaida huwa na bei ndogo.

Baada ya ukubwa kuna namba na herufi, mfano 95V. Namba ni mzigo: 95 ni kilo 690 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615. Herufi ni kasi: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Utasema hakuna mahali Hanang pa kwenda 240, na hakuna kweli. Lakini herufi hiyo pia inaeleza jinsi tairi linavyohimili joto, kwa hiyo usishuke chini ya aliyopendekeza mtengenezaji wa gari ukiweza. Namba ya mzigo ndiyo hasa usiiguse. Tunajua mchomoko unavyopakia: wanne nyuma, wawili mbele pembeni ya dereva, magunia kwenye buti hadi mlango unafungwa kwa kamba. Tairi halina habari na bei ya nauli, linahesabu kilo.

Kuhusu upepo tutakuwa wafupi. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi ya kiwandani. Magari ya Japani huandika kPa wakati kipimo cha fundi husoma PSI, na hapo ndipo watu hukisia. 220 kPa ni PSI 32. 240 ni PSI 35. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Kupunguza upepo ili gari "lilale" vizuri kwenye changarawe, kisha kupanda lami na kukimbia hadi Singida, ni njia ya haraka ya kupasua tairi.

Kwa nini tumefika mahali pa kuokota matairi ya theluji ya watu wengine? Wasikilizaji wetu wa umri mkubwa wanakumbuka General Tyre, kiwanda cha Njiro, Arusha, kilichojengwa baada ya Azimio la Arusha. Kilisimamisha uzalishaji miaka ya mwisho ya 2000, na tangu hapo Serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, imezungumza mara kadhaa kukifufua. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero bado yapo. Jirani zetu nao hawakusalimika: Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha matairi Nairobi mwaka 2016, ikishindwa na bei za matairi yaliyotoka nje. Leo kila tairi jipya linalofika Haydom limevuka bahari, na bei yake inapanda na dola. Mwenye gari la kawaida anabaki na mawili: jipya la bei nafuu kutoka China au mtumba wa jina kubwa.

Sisi tungechagua jipya la bei nafuu lenye tarakimu za mwaka huu au uliopita, kuliko jina kubwa la miaka minane. Wapo mafundi wanaotupinga, na mtumba mzuri wa miaka mitatu kweli hupatikana. Lakini piga hesabu kwa miezi. Tairi la shilingi 60,000 linaloisha miezi minne ni shilingi 15,000 kwa mwezi. La shilingi 180,000 linalokaa miezi ishirini ni 9,000.

Ikiwa mfuko unatosha mawili tu, mapya yaende nyuma. Wengi huyaweka mbele kwa sababu ndiko usukani uliko. Tairi la mbele likiteleza, gari linaenda mbele zaidi ya ulivyotaka, na ukipunguza mwendo unaweza kulirudisha. La nyuma likiteleza, gari linageuka lenyewe, na kwa Mark X au Altezza, ambazo magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, hilo hutokea upesi. Usichanganye kamwe, mawili ya theluji na mawili ya kawaida.

Kaka wa Dongobesh amepata rimu za 16 na matairi matatu mapya. La nne anasubiri mavuno ya maharage, kwa sasa amefunga la akiba, na anaendesha polepole. Wiki iliyopita alituuliza kama ni sawa kuyauza yale manne ya studless kwa dereva mwenzake. Tulimwambia hapana. Akasema basi, fundi wa katambuga alishayatamani tangu mwanzo.