Dodoma Jiji, wapeni viungo chipukizi dakika

Safu ya Jumamosi
Na Daudi Masima

Kiungo Novatus Dismas Miroshi hakufika Ulaya kwa njia ya mkato. Akiwa kijana wa Azam, msimu wa 2019/20 alipelekwa kwa mkopo Biashara United ya Mara, mbali na kelele za Kariakoo. Baadaye akaenda Israel, na huko nako Maccabi Tel Aviv wakamtoa kwa mkopo Beitar Tel Aviv Bat Yam ya daraja la pili, akacheze. Mwaka 2022 akatua Zulte Waregem ya Ubelgiji. Msimu wa 2023/24, akiwa na miaka 21, alivaa jezi ya Shakhtar Donetsk kwenye hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, kisha Göztepe ya Uturuki ikamchukua. Kabla ya kufika kwa wakubwa, kijana huyu alitafutiwa kwanza mahali pa kucheza.

Nayasema haya kwa sababu ya timu yetu. Dodoma Jiji FC, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, ni timu ya Halmashauri ya Jiji. Kwa mfuko wake haiwezi kugombea kiungo aliyekwisha kuiva na Simba, Yanga au Azam, ambao kanuni inawaruhusu kusajili wageni hadi 12 na wanaitumia nafasi hiyo ipasavyo. Inachoweza kutoa, na wao hawawezi, ni dakika. 

Kiungo hasa ndiye anayehitaji dakika hizo. Kasi na pumzi vinajengwa mazoezini, lakini kujua lini utulize mpira, lini ukabe na lini umwache mtu apite, hilo unalijulia kwenye mechi yenye pointi, na unalijua kwa kukosea. Novatus mwenyewe alikosea mbele ya Afrika nzima. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, San Pedro, Januari 17, 2024, Taifa Stars wakiwa nyuma kwa bao 1 dhidi ya Morocco, alipata kadi ya pili ya njano dakika ya 70 akatoka. Kufika dakika ya 80 yalikuwa 3-0. Hakutupwa kwa kosa hilo, na majira ya joto ya mwaka huohuo akapata mkataba Uturuki.

Wapo watakaonitajia kiungo Feisal Salum, aliyetoka JKU ya Zanzibar hadi Yanga mwaka 2018 na hakupotea. Ni kweli, lakini Yanga ile ilikuwa na njaa ya fedha, haikuwa na uwezo wa kumrundikia nyota mbele yake, kwa hiyo alicheza. Mabao 19 aliyoifungia Azam msimu wa 2023/24 yana mizizi kwenye dakika zile. Kijana anayekwenda Yanga ya sasa haikuti nafasi hiyo.

Hoja nzito zaidi ni ya kocha: akimpanga mtoto akafungwa, kibarua kinaota nyasi na timu inashuka daraja. Hofu hiyo naielewa, kushuka kunauma. Hata hivyo, Zulte Waregem walishuka mwaka 2023 na bado kiungo wao, Novatus, alitakiwa na timu ya Ligi ya Mabingwa. Timu inayomiliki kijana wa namna hiyo ina mali ya kuuza. Inayosajili wachezaji wa msimu mmoja kila dirisha hubaki na madeni ya mishahara. Tena kocha hapaswi kuachiwa mzigo huu peke yake, maana mwenye timu ni Jiji.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani. Kabla hamjapitisha fedha za timu ya msimu ujao, ulizeni ni viungo wangapi wa chini ya miaka 20 kutoka Kongwa, Bahi, Chamwino na Mpwapwa waliosajiliwa, na kila mmoja amecheza dakika ngapi Uwanja wa Jamhuri. Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.