Batri ya serveri yetu, nani atainunua?

Wandugu walimaji wa Kaniama,

Siku hizi koperative nyingi zinaomba serveri ya kijiji. Ni kitu kizuri. Masini ndogo inawekwa kwenye depo, pamoja na antena, batri na pano ya jua. Mwenye telefone akifika karibu anaona bei ya mahindi, hesabu ya mifuko iliyo depo na ujumbe wa wenzake, bila kununua mega. Lakini miye niko na ulizo moja: batri ikikufa, nani atanunua ingine?

Tunajua namna mambo yanaendaka. Kinu kinaletwa, watu wanacheza, picha zinapigwa. Baada ya miaka miwili kipande kimoja kinavunjika, kasa haina kitu, na kuku wanataga ndani ya kinu. Serveri inaweza kufuata njia ile ile, tena mbio zaidi. Batri ya asidi, hata ikitunzwa vizuri, inachoka baada ya miaka michache. Intaneti ya inje inalipwa kila mwezi. Na memba wakiongezeka, kazi inaongezeka: leo masini inatumikia watu 30, kesho 300, na pano moja haitoshi tena.

Wengine wanasema: mnunuzi mkubwa wa mahindi alipe yote. Wandugu, hapo tuangalie sana. Anayelipa peke yake ndiye atakayeamuru. Ataona mbele yetu nani yuko na mifuko ngapi na nani anahitaji makuta mbio, kisha ataweka bei yake.

Kuna wenzetu waliopata njia ingine. Watu wa Mankosi, kule Afrika Kusini, walijenga mtandao wao wenyewe, na mwaka 2014 wakauandikisha kama koperative, jina lake Zenzeleni. Sola ya mtandao ilichaji pia telefone za watu kwa malipo madogo. Hapa kwetu Kongo, kwenye kisiwa cha Idjwi, mtandao wa Pamoja Net ulipanga hivi: mashirika na wafanyabiashara wanaohitaji intaneti ya nguvu wanalipa, na malipo hayo yanasaidia mkaaji wa kawaida.

Basi miye ninaomba mambo matatu. Kwanza, kila mfuko unaouzwa utoe faranga 200. Memba 100 wakiuza mifuko 10 kila mmoja, ni faranga 200,000. Hazitalipa kila kitu, lakini ni mwanzo wa batri. Pili, tuchajishe telefone kwenye depo, na wanunuzi wa Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi walipe kutangaza bei zao. Ila majina yetu na mifuko yetu wasiyaone. Tatu, makuta hayo yakae kwenye kasa yake, mikononi mwa watu watatu, na kitabu kisomwe mbele ya wote kila mkutano. Na mbele ya kuwasha antena, tuulize ARPTC ruhusa gani inahitajika.

Ninajua, masomo ya watoto yanangoja, na dawa pia. Faranga 200 kwa mfuko si bure. Lakini mulimaji asiyejua bei ya mahindi yake anapoteza zaidi ya hizo kwa siku moja ya soko.

Shirika linaweza kutupatia masini. Kuilisha ni kazi yetu. Tulizungumze kwenye mkutano mkuu, mbele masini haijafika.