Uvira: Soda ya kunyoosha nywele haifai kichwani mwa mtoto

UVIRA, Kivu ya Kusini – Kila mara sikukuu zinapokaribia, saluni za Mulongwe, Kalundu na Kavimvira hujaa wamama walioshika mikono ya wabinti wao. Kuna komunyo ya kwanza, kuna arusi ya shangazi, kuna proklamasio ya mwisho wa mwaka wa shule. Mtoto wa miaka sita au saba anakalishwa kwenye kiti, anafungwa taulo shingoni, kisha anapakwa ile dawa nyeupe ya kunyoosha nywele ambayo wengi huita defrizani. Akilia kwamba inaunguza, anaambiwa avumilie kidogo, eti urembo una taabu yake.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba halimshangazi tena mtu. Ndiyo sababu inafaa lisemwe wazi: ni kosa, na wanaolifanya wanaweza kuliacha leo bila kupoteza kitu.

Kwanza, wazazi wajue ni nini kilichomo ndani ya kopo. Katika dawa nyingi za aina hiyo, kinachofanya kazi ni soda kaustiki. Wakaaji wa Uvira na wa Fizi wanaifahamu vizuri, kwani ndiyo soda ile ile ambayo wamama huchanganya na mawese ili kutengeneza sabuni. Hakuna mama mtengeneza sabuni anayemruhusu mtoto kutia mkono ndani ya beseni la soda. Anamfukuza mbali, tena kwa ukali. Lakini mama huyo huyo, siku ya Jumamosi, anampeleka mtoto saluni ili soda ipakwe juu ya ngozi ya kichwa chake. Katika kopo imechanganywa na mafuta na manukato, ila tabia yake haijabadilika.

Wapo wanaojitetea kwamba wao hununua ile iliyoandikwa «sans soude», yaani isiyo na soda. Maandishi hayo yanawadanganya wengi. Badala ya soda kaustiki, hiyo hutumia chokaa iliyochanganywa na kitu kingine kiitwacho guanidini, na vikikutana vinatoa dawa yenye ukali unaokaribia ule ule. Kwenye kipimo kinachoitwa pH, maji safi yako kwenye 7. Dawa za kunyoosha nywele hufika kati ya 12 na 14, na 14 ndio mwisho wa kipimo. Makopo mengine yana picha ya mtoto anayecheka. Picha hiyo haipunguzi ukali hata kidogo.

Dawa hiyo hainyooshi nywele kwa kuilainisha, kama wengi wanavyofikiri. Inavunja viungo vinavyoipa nywele nguvu na umbo lake, na viungo hivyo havirudi tena. Kwa hiyo nywele iliyopakwa inabaki dhaifu hadi itakapokatwa. Wakati huo, ile mpya inayotoka kichwani inatoka imejikunja kama kawaida, na baada ya wiki sita au nane mtoto anarudishwa saluni. Mzazi aliyesema «ni kwa ajili ya sikukuu tu» anajikuta amefungua deni la miaka mingi.

Pili, kuna swali la maji, na hapa Uvira swali hilo peke yake lingetosha kumaliza mabishano. Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya sanduku inaagiza mambo manne: kuvaa glavu, kutoweka dawa penye kidonda, kutopitisha dakika zilizopangwa, na kuosha kwa maji mengi yanayotiririka hadi dawa yote itoke. Ni kartie ngapi za mji huu ambazo bomba lake hutoa maji kila siku? Mara nyingi maji ya saluni yamechotwa ziwani au kununuliwa kwa bidoni, na mwenye saluni anayahesabu, kwani ni lazima yatoshe wateja wote. Mtoto anaoshwa kwa vikombe vitatu vinne, taulo inapita juu, basi. Dawa iliyobaki nyuma ya masikio na kwenye kisogo inaendelea kula ngozi akiwa njiani kurudi nyumbani. Kisha watu wanashangaa kuona magaga na sehemu zisizoota nywele, na wanasema mtoto ana kichwa kibaya.

Tatu, kuna hatari inayokuja polepole. Mwezi wa Oktoba 2022, watafiti wa taasisi za afya za Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Waliona kwamba wanawake waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Kwa wasiotumia, walikadiria kwamba asilimia 1.64 wangepata ugonjwa huo kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia mara nyingi ilikuwa asilimia 4.05. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba imethibitishwa kuwa dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa; walisema vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Lakini wale walikuwa watu wazima. Mtoto anayeanza akiwa na miaka sita atakuwa amepakwa mara ngapi atakapofika arobaini? Mzazi mwenye busara hangoji hadi mwisho wa mabishano ya wanasayansi ndipo amwondoe mtoto wake.

Wazazi nao wana hoja yao, na si vema kuidharau. Wanasema nywele ya mtoto ni ngumu, inavunja vitana, na kila asubuhi kabla ya masomo kuna vilio. Mama anayeamka saa kumi na moja kwenda kuchota maji, kisha sokoni, hana muda wa kupigana na kichwa. Taabu hiyo ni ya kweli. Lakini mara nyingi inatokana na namna nywele inavyoshikwa.

Nywele ya kipilipili hutoka kichwani ikiwa imejikunja. Kwenye nywele iliyonyooka, mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hushuka kwa urahisi hadi nchani. Kwenye nywele iliyojikunja yanakwama karibu na mizizi, na ncha zinakauka. Anayeichana ikiwa kavu, tena kwa kitana chenye meno membamba, akianzia kwenye mizizi, anaikata na kumwumiza mtoto. Kisha anailaumu nywele.

Wamama wanaojua kazi hii hufanya hivi. Mara moja kwa wiki, au kwa wiki mbili, nywele inaoshwa kwa sabuni isiyo kali. Ikiwa bado mbichi, inagawanywa katika mafungu manne. Kila fungu linapakwa mafuta kidogo, na mafuta ya mise, yanayotoka katika kiini cha mbegu ya ngazi, yanafaa sana. Watu wa Fizi hawana haja ya kuyatafuta mbali. Kisha inachanwa kwa vidole au kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani na kupanda polepole kuelekea kichwani. Baada ya hapo inasukwa mistari, au inafungwa kwa uzi mweusi, ule ule ambao mabibi walitumia. Uzi hurefusha nywele bila moto na bila soda. Usiku mtoto anafungwa kitambaa laini ili mto usinyonye mafuta. Kazi yote ni ya saa moja au mbili, na inatosha kwa wiki nzima. Asubuhi za masomo hazina vilio tena.

Msusi asikaze mno. Mistari inayovuta ngozi mpaka mtoto anashindwa kufumba macho vizuri inang'oa nywele za kwenye paji la uso, na ikirudiwa kwa miaka, nywele hizo haziroti tena. Vitana vya kushirikiana navyo vioshwe, kwani ugonjwa wa mabaka ya kichwani hupita hapo kutoka mtoto hadi mtoto. Na kichwa chenye vidonda kipelekwe kwenye kituo cha afya kabla ya kupelekwa kwa msusi.

Anayedai kwamba nywele hii haiwezi kupambwa ikiwa haijanyooshwa, hajui historia ya nchi yake. Kule Katanga, Waluba wa Shankadi walisuka nywele zikashuka kwa ngazi ngazi kama maporomoko ya maji. Ili kazi hiyo isiharibike usiku, walichonga vibao vya kulalia vinavyoegemeza shingo na kuacha kichwa hewani. Leo vibao hivyo vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, pamoja na lile la Tervuren karibu na Brussels. Kule Haut-Uele, wanawake wa Mangbetu walipandisha nywele nyuma ya kichwa na kuzitandaza kama ungo, na picha zao zilizunguka Ulaya baada ya msafara wa magari ya Citroën wa mwaka 1924 na 1925. Mitindo hiyo ilisimama kwa sababu nywele ya kipilipili hushika umbo inalopewa. Wageni walilipa fedha ili kuitazama. Wajukuu wa wale wanawake wanalipa fedha ili kuifuta.

Hapa ndipo penye jeraha kubwa kuliko la soda. Mtoto anaposikia kila siku kwamba ana «nywele mbaya», na mwenzake mwenye nywele laini anaambiwa ana «nywele nzuri», anajifunza kabla ya kujua kusoma kwamba Mungu alikosea alipomwumba. Maneno hayo hutoka midomoni mwa mama, shangazi, mwalimu, hata mhubiri. Shule ina haki ya kudai nywele iwe safi na isukwe kwa adabu. Haina haki ya kuita nywele iliyotoka kichwani mwa mtoto uchafu. Mwezi wa Machi 2024, wabunge wa Ufaransa walipiga kura kuunga mkono mswada unaokataza kumbagua mtu kwa sababu ya nywele zake, mswada ulioletwa na Olivier Serva, mbunge wa Guadeloupe. Huko watu weusi wanajitetea mbele ya wageni. Hapa Uvira mtoto anahitaji kutetewa mbele ya jamaa yake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba wanawake watu wazima wanakatazwa kitu. Mwanamke wa miaka thelathini anayenyoosha nywele zake, au anayevaa mesh au peruki, ametumia fedha zake na kichwa chake. Wala wenye saluni si maadui. Wengi wao ni wajane au wabinti wasiopata kazi nyingine, na wanalisha watoto kwa vidole vyao. Lakini kusuka na kufunga uzi nako ni kazi inayolipwa, tena mteja hurudi mara nyingi zaidi.

Kinachotakiwa ni kidogo. Mwenye saluni akatae kumpaka dawa mtoto yeyote ambaye bado yuko shule ya msingi, hata mama akiongeza franka. Wakubwa wa shule na wa makanisa watangaze kwamba komunyo na proklamasio hazidai nywele iliyonyooka. Waganga wanaofundisha wamama kwenye vituo vya afya waongeze jambo hili katika mafundisho yao. Na baba, ambaye mara nyingi ndiye anayetoa fedha za saluni, aulize zinakwenda kununua nini.

Binti akikua na kutaka kunyoosha, ataamua mwenyewe, akijua kilichomo ndani ya kopo. Kwa sasa ana miaka saba, na hawezi kusoma karatasi ya maelezo. Aliye na uwezo wa kuisoma ndiye anayempeleka.