Sheria Mpya na Kesi za Zamani

Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haihusu kesi zilizofunguliwa kabla yake; hizo huongozwa na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882. Wanaounga mkono husema mtu asihukumiwe kwa kanuni ambayo haikuwapo. Katika jinai, hoja hiyo ina mashiko. Lakini mke wa Bomet aliyechuma majani chai miaka ishirini, yakapimwa kituoni kwa nambari ya mumewe, bonasi nayo ikalipwa mume, hakuanza kazi sheria ilipopitishwa. Sheria haikubuni jasho lake. Ililitambua tu, pamoja na upishi na malezi. Kesi yake ikiwa haijaamuliwa, ipimwe kwa mizani hiyo, si kwa ile ya enzi za Malkia Victoria.