Desemba tunaenda kuhesabiwa tu, kuongea hatuongei!

Wadau, msimu ndio huu. Duka la Mangi mtaani kwako limefungwa, tiketi za Moshi zinatafutwa kama dhahabu, na wale jamaa zangu wa Dar wameanza utani wao wa kila mwaka: "Wachagga wanaenda kuhesabiwa." Mimi ni mtoto wa Kilema, na utani huo huwa nacheka nao. Mwaka huu umenichoma, maana nimekaa nikafikiria nikaona ni kweli tupu. Tunapanda mlima, tunahesabiwa, tunakula, tunapiga picha, tunageuza gari. Kuongea hatuongei.

Kilichonifanya niandike ni dada mmoja maarufu hapa mjini. Jina simtaji, ila ukimfuata kule Insta utamjua. Juzi kaweka posti akiwaambia mashabiki wake kwamba Krismasi ni ya kula bata, mambo mazito yapelekwe kwenye kikao cha ukoo, mezani watu wasiharibiane mudi. Mioyo myekundu kibao, na komenti za "umeongea, mama" mpaka simu ikaishiwa chaji.

Dada yangu, kwa heshima zote, hapo umetupoteza.

Hebu tuanze na hicho kikao cha ukoo. Wanakaa akina nani? Kwetu ni wanaume watu wazima, tarehe 26 au 27, mbege katikati. Shangazi aliyeamka saa kumi alfajiri kumenya ndizi hayumo. Binti wa miaka 30 anayelipia dawa za bibi kila mwezi hayumo. Mke wa kaka hayumo. Wakionekana pale, ujue wameleta chai. Najua kuna koo zimebadilika, hongereni sana. Ila wengi wenu mnaosoma hapa mnajua ninachosema.

Sasa mlo wa tarehe 25 ndio wakati pekee kwa mwaka mzima ambapo kila mtu yupo. Bibi yupo, wajukuu wapo, wakwe wapo, yule mjomba wa Arusha asiyepokea simu naye yupo, kafuata kisusio. Ukisema hapo tusiongee, maana yake umesema wanawake na vijana wasiongee kabisa. Wenzetu wana kikao chao, sisi tumebaki na meza. Na meza yenyewe unataka tuifanye studio ya picha.

Na hilo jambo zito lenyewe ni lipi? Mfano mmoja tu: kihamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Mila yetu inasema kihamba cha nyumbani kinabaki kwa kitinda mimba wa kiume. Mambo hayo mawili hayajawahi kutajwa kwa pamoja nyumbani kwetu, hata siku moja. Tunasubiri nini? Tunasubiri mzee afe, ndipo tukutane kwenye baraza la ardhi, kila mtu na wakili wake, tuanze kujuana vizuri.

Najua kuna atakayesema, mbona sisi tunaongea sana? Mezani kwenu mnaongea nini? "Utaoa lini?" "Mbona umenenepa?" "Ile kazi bado?" "Mwenzako kajenga Goba." Hayo si mazungumzo, huo ni usaili wa polisi. Anayeuliza hataki jibu, anataka uone haya. Ndiyo maana vijana wanakimbilia simu. Siwalaumu. Nawalaumu kwa kudhani dawa ya maswali mabaya ni kukaa kimya.

Ngoja niwape yangu, maana nisije nikaonekana nahubiri.

Babu yangu alifariki miaka michache iliyopita, mwezi wa tatu. Tukapanda wote Kilema, nyomi. Jioni kabla ya mazishi, mjomba akanipa karatasi na kalamu: "Wewe ndiye mwandishi, andika wasifu wa marehemu." Nikaanza vizuri. Jina. Kijiji. Parokia. Ameacha mjane, watoto 7, wajukuu 23. Nikafika kwenye "marehemu alifanya kazi", kalamu ikasimama. Tulijua aliwahi kufanya kazi Tanga. Kazi gani? Mmoja anasema mkonge, mwingine anasema reli. Mwaka gani alirudi? Hakuna anayejua. Mama yake babu aliitwa nani? Watu 23 tukaangaliana kama tuko kwenye mtihani.

Bibi alikuwa chumbani na wamama, kalia mpaka sauti imekauka, nani angeenda kumuuliza? Ikabidi nivuke mfereji usiku na tochi ya simu kwenda kwa mzee jirani. Yule mzee alikaa nami saa nzima. Akaniambia babu alikuwa fundi wa reli, akaniambia aliyemfukuzisha kazi, akaniambia jina la mama yake na alikotoka. Tena akaniambia jambo moja ambalo sitaliandika hapa, ila lingemfanya baba yangu na babu wapatane kama lingesemwa mapema. Jirani alijua, sisi hatujui.

Nikarudi nikafungua simu kutafuta picha ya kuweka kwenye jeneza. Nilikuwa na picha za Krismasi 6. Kwenye zote sisi tupo mbele na sahani za machalari, tumebinua midomo. Babu yuko nyuma kwenye kiti chake, nusu uso, haangalii kamera. Krismasi 6 nilikaa hatua tatu kutoka kwake, sikumuuliza hata swali moja lenye maana.

Kwa hiyo mtu akiniambia tusiharibu mudi, namwuliza: mudi ya nani? Mudi yangu iliharibika mwezi wa tatu, na haikuwa na chujio la kuipendezesha.

Tena kinachonishangaza ni hiki. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alifika Kilema kwetu, enzi za Mangi Masaki. Njiani aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake wa safari akamwambia ile ni baridi tu. Rebmann akaandika kwenye shajara yake, na wasomi wa Ulaya wakabishana miaka kadhaa kama theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Mgeni alipita kwa miguu, akasikiliza, akaandika, mpaka leo tunamsoma. Sisi wenye kihamba chenye makaburi ya mababu ndani yake tunafika na gari la kiyoyozi, tunaandika "Home sweet home" chini ya picha ya mtori, basi.

Haya, najua mtapinga. Acha niwajibu hapa hapa.

"Mkianza mazito, mbege ikipanda mtapigana." Kweli kabisa. Kwa hiyo ongeeni saa saba mchana, msisubiri saa mbili usiku. Ukoo ukipigana saa mbili usiku, ujue kuna kitu kilichotakiwa kusemwa mchana na hakikusemwa. Mbege haijaleta ugomvi, imeufungulia mlango tu.

"Wazee wenyewe hawataki kuongea." Uongo. Wazee hawataki kuhojiwa na mtu aliyesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Nenda jikoni kwa bibi saa moja asubuhi, kaa kwenye kigoda, chukua kisu, menya ndizi. Usiulize kitu. Kabla hujamaliza mkungu atakuwa ameshakwambia alivyoolewa.

"Sijui nianzeje." Hapo ndipo wengi tunakwama, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Usianze na mtu, anza na kitu. Ukimuuliza mzee "mtagawaje kihamba?" umemwambia unasubiri afe. Muulize "huu mkahawa nani aliupanda?" Kilema misheni ndiko inakosemwa kahawa ilipandwa na mapadre mwaka 1898, na karibu kila nyumba ina mti wenye hadithi yake: ada ya nani ulilipa, bati la nyumba gani lilinunuliwa kwa kahawa, mwaka gani bei ilianguka babu akataka kuing'oa yote. Kutoka kwenye mkahawa utafika kwenye shamba, na kutoka kwenye shamba utafika kwenye mpaka, bila mtu kununa.

Mkishakula, mwombeni mzee awatembeze mpakani. Wote, wasichana kwa wavulana, na viatu vyenu vyeupe mvue. Mwone masale yamepandwa wapi. Na mkiwa hapo mkumbuke kwamba jani hilo hilo la sale linaloonyesha mpaka ndilo Mchagga analolibeba akienda kuomba msamaha. Kama kuna baba wawili hawajasalimiana tangu mazishi yale, basi mahali pa kuanzia mnapaona kwa macho.

Na simu? Sisemi mzitupe, mimi mwenyewe ninaishi kwa simu. Wekeni zote kwenye ungo saa moja tu, ibaki moja inayorekodi sauti ya bibi. Hiyo ndiyo kazi bora ambayo simu yako itafanya mwaka huu. Selfi mtapiga baadaye, jua la jioni likishuka Kilema mwanga ni mzuri zaidi.

Namalizia na yule dada wa bata. Sina ugomvi naye. Tena nasikia yeye na mdogo wake hawaongei mwaka wa pili sasa, na mezani kwao wanakaa viti vinavyofuatana kwa sababu ya picha. Kama ni uongo, anisamehe. Kama ni kweli, dada, mwaka huu acha posti, mguse bega mwenzio umwambie, "Hebu twende tukachume sale."

Mimi napanda tarehe 22. Bibi bado yupo, ana miaka 80 na kitu. Na hicho "kitu" nitamuuliza ni ngapi.

Povu ruksa, ila kabla hujatoa povu, jibu kwanza hili: mama yake babu yako aliitwa nani?