Maoni Yetu: Pori si Ardhi Tupu

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba akilikuta jina la Endamarariek katika safu hii, si ajabu akajiuliza ni wapi huko na panamhusu nini yeye aliyezungukwa na bahari. Endamarariek ni kata katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, upande wa kusini wa mji wa Karatu, katika nyanda za juu zinazopakana na bonde la Ziwa Eyasi. Watu wake wengi ni wakulima na wafugaji. Hulima mahindi, maharage na mbaazi, nao hungojea mvua kama wanavyoingojea wakulima wengine wa nchi hii.

Habari zao zinamhusu sana mtu wa Visiwani. Katika nchi ile, tangu kreta ya Ngorongoro hadi kando ya Ziwa Eyasi, limo swali ambalo limezisumbua serikali nyingi za dunia: ardhi isiyo na nyumba, wala shamba, wala hati, ni ya nani? Sisi tunasema wazi kwamba ardhi hiyo si tupu. Tunasema pia kwamba mpango wowote unaoanza kwa kuiita tupu umekwisha kudhulumu kabla haujatekelezwa, hata kama nia ya waliouandika ni njema.

Tuanze na jina lenyewe. Endamarariek si jina pekee la namna yake. Karatu wana Endabash na Endamaghang. Mbulu wana Endagikot. Hanang wana Endasak na Endagaw. Majina haya si ya Kibantu, wala hayakutungwa na karani wa wilaya. Yametapakaa juu ya nchi kama nyayo za watu waliopita, wakakaa, wakazika wafu wao, wakahama au wakabaki. Kabla ya kuwako daftari la vijiji, nchi ile ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa majina. Mpima ardhi anapofika na vyombo vyake, hafiki mahali ambapo hapajapimwa.

Wanaoitegemea nchi hiyo si kabila moja. Wako Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, ambao idadi yao ni kama watu elfu moja na ushei, na ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Wengi wao wameishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kuchuma matunda ya porini, ubuyu ukiwa miongoni mwao. Wako Wadatoga, wafugaji ambao makaburi ya wakubwa wao huheshimiwa kizazi hata kizazi, na ambao walikaa Ngorongoro kabla ya Wamasai. Wako Wamasai wenyewe. Na wako Wairaki, ambao leo ndio wengi katika Karatu, nao wana neno lao, aya, lenye maana ya nchi pamoja na jamii iliyomo ndani ya mipaka yake. Neno hilo moja lingetosha kuwafundisha watungaji wa mipango. Kwa Mwiraki, nchi na watu havitenganishwi kiasi cha kuweza kuchukua kimoja na kukiacha kingine.

Fikira ya kwamba pori halina mwenyewe haikuzaliwa hapa. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri iliyoifanya ardhi yote ya Tanganyika iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1923, waliitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Huko Australia walikwenda mbali zaidi, wakasema kwamba bara zima lilikuwa halina mwenyewe siku walipotia nanga, ilhali watu walikuwako kwa makumi ya maelfu ya miaka. Uongo huo haukuondolewa katika sheria za Australia mpaka tarehe 3 Juni 1992, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipotoa hukumu katika kesi ya Eddie Mabo. Inafaa wasomaji wetu wajue kwamba Mabo alikuwa mtu wa kisiwani, wa kisiwa cha Mer katika mlango wa bahari wa Torres, na kwamba alichokidai kilikuwa ni haki ya watu wake juu ya viwanja na bustani walizorithi kwa wazee wao. Alifariki miezi michache kabla ya hukumu kusomwa.

Leo hii mikutano mingi ya Australia hufunguliwa kwa maneno ya kuwatambua wenyeji wa asili wa mahali ilipo. Ni desturi njema, nasi hatuidharau. Lakini nchi hiyo hiyo, katika kura ya maoni ya mwezi Oktoba 2023, ilikataa kuwapa wenyeji hao chombo cha kulishauri Bunge kilichotajwa katika katiba. Tunaueleza mkasa huo kwa sababu moja. Kutambua kwa mdomo ni mwanzo tu. Kunakopimwa ni pale panapotakiwa kutolewa ardhi, au nafasi ya kusikilizwa.

Na sisi je? Hapana budi tukiri kwamba Uhuru haukuifuta mara moja fikira ya mkoloni. Kati ya mwaka 1964 na 1965 Wahadzabe walikusanywa Yaeda Chini ili wawe wakulima. Waliofanya hivyo waliamini kwamba wanawaletea maendeleo. Maradhi yakaingia, wengi wakaugua na baadhi wakafa, na haukupita muda mrefu wengi wa waliosalia wakarudi porini. Huko Hanang, katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, juu ya malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga. Makaburi yao yalilimwa kwa matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, kikashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Miongoni mwa sababu za kushindwa ni kwamba haikuthibitishwa kwamba wanakijiji wote waliodai ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mtu atazame hapo, aone jinsi aliyezaliwa juu ya ardhi anavyoweza kutakiwa athibitishe kwamba alizaliwa juu yake.

Sheria za mwaka 1999 zilileta nuru. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huo, inaitambua haki ya kimila kuwa sawa na ile itolewayo kwa hati ya serikali. Lakini sheria pacha yake, Sheria ya Ardhi namba 4, katika tafsiri ya ardhi ya jumla, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Nani atasema ardhi fulani haitumiwi? Malisho yanayoachwa yapumzike wakati wa masika, yapate kuliwa wakati wa kiangazi, yanatumiwa. Mbuyu unaongojewa mpaka uzae unatumiwa. Kaburi linatumiwa. Afisa apitaye kwa gari mwezi mmoja katika mwaka hawezi kuyaona matumizi hayo, naye si wa kulaumiwa kwa kutoona. Wa kulaumiwa ni yule asiyeuliza.

Kuhusu Ngorongoro, tunajua kwamba jambo ni zito. Mwaka 1959, Wamasai walipoondolewa Serengeti, hifadhi ya Ngorongoro iliundwa iwe mahali ambapo watu na wanyama wataishi pamoja. Wakati huo wakazi walikadiriwa kuwa kama 8,000. Sasa wamepita 100,000. Serikali ina haki ya kuhofia hatima ya maji, majani na wanyama. Lakini mpango wa kuwahamishia watu Msomera, wilayani Handeni, ulioanza mwaka 2022, uliitwa wa hiari, na hiari haina maana pale huduma za anayebaki zinapodhoofika. Mwezi Agosti 2024 vijiji vya huko vilipofutwa kwa tangazo la serikali, wananchi walitoka barabarani kwa maelfu, na Mahakama Kuu ikasimamisha tangazo hilo. Tunampongeza Rais kwa kukutana na wawakilishi wao mjini Arusha tarehe 1 Desemba 2024 na kuahidi tume mbili, ambazo zilizinduliwa mwaka 2025. Huo ndio mwenendo wa uongozi. Tungependa tu mazungumzo yatangulie amri, yasiwe yanaifuata.

Wako wasemao kwamba maneno haya ni hatari, kwamba Watanzania wote ni wenyeji, na kwamba kumtaja mwenyeji wa asili ni kufufua ukabila tuliouzika. Hoja hii tunaiheshimu, maana umoja wa taifa letu haukupatikana kwa bei rahisi. Lakini hatuombi mashindano ya nani alifika kwanza. Mashindano hayo katika Karatu hayana mwisho, kwa kuwa watu wa huko wamepishana na kuchanganyika kwa karne nyingi. Tunachosema ni kwamba mtu ambaye riziki, ibada na makaburi yake yako mahali fulani asiondolewe hapo kwa sababu ya namna anavyoitumia ardhi. Kumlinda mwenye shamba na kumwacha mrina asali si usawa. Ni upendeleo wa jembe juu ya upinde.

Wala hatusemi jambo lisilowezekana. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na ukoo wa kifalme wa Abu Dhabi ilitaka kulitumia bonde la Yaeda. Wahadzabe wakapinga, na kabla ya mwaka kwisha kampuni hiyo ikajitoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Mbulu walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, kwa jina la jamii nzima, juu ya ardhi ya zaidi ya hekta 20,000. Taifa halikupasuka. Misitu ya huko imeendelea kulindwa, na jamii imepata hata mapato ya hewa ya ukaa kwa kuitunza.

Sasa tunarudi kwetu Visiwani. Wazee wa kusini Unguja wanaijua tofauti ya kiambo na uwanda. Kiambo kina nyumba na minazi. Uwanda una mawe na vichaka, na mgeni angeuita tupu. Hata hivyo zamani mtu hakufyeka uwanda kabla ya kumwendea mvyale, mlezi wa pori lile, ampe ruhusa. Hatusemi hapa habari za itikadi; kila mtu ana imani yake. Tunasema habari za adabu. Wazee wetu walijua kwamba pori lina wa kuulizwa. Hoteli zilipoanza kupanda katika fukwe zetu, ni mara ngapi mvyale, au mjukuu wake, aliulizwa? Mzanzibari aliyeona pwani ya kijiji chake ikizungushiwa ukuta hana haja ya mkalimani wa kumfasiria kilio cha Mhadzabe.

Kwa viongozi wa Serikali tuna maombi manne. Kwanza, maneno yanayoihesabu ardhi ya kijiji isiyotumiwa kuwa ardhi ya jumla yaondolewe katika sheria. Pili, kazi ya hati za pamoja iliyofanywa Mbulu ienezwe kwa jamii zote zinazolizunguka Ziwa Eyasi, na hati zilizokwisha kutolewa zilindwe dhidi ya wavamizi wa mashamba na mifugo. Tatu, makaburi, chemchemi, mapito na mahali pa ibada vitiwe katika ramani za matumizi bora ya ardhi za kila kijiji, kama zinavyotiwa shule na zahanati. Nne, mkutano wa kijiji uitishwe mapema, uendeshwe kwa lugha wanayoielewa wanaohusika, na jibu la hapana lipokewe kuwa ni jibu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nchi ya Karatu na Ngorongoro imepokea wageni wa kila aina: walowezi waliolima kahawa Oldeani, watafiti wa mifupa, wawindaji na watalii kutoka pande zote za dunia. Huko Laetoli, mwaka 1978, zilionekana nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita, na dunia nzima ilizivulia kofia. Ni haki kuziheshimu nyayo hizo. Ni haki zaidi kuwaheshimu wanaotembea hapo leo. Afisa atakayefungua faili la ardhi ya Endamarariek, au la Eyasi, au la pwani ya Unguja, asianze kwa kuandika kwamba ardhi ni tupu. Aanze kwa kuuliza jina la mahali, na jina la wa kuulizwa.