Mwanagenzi wa Kompyuta na Aanze kwa Kutunga Mchezo

Wazazi wengi katika miji yetu huuhesabu mchezo wa kompyuta kuwa ni hasara ya wakati na hasimu wa masomo, nami sina haja ya kuwapinga katika hukumu hiyo maadamu wanamsema mtoto akaaye saa nyingi mbele ya kioo akibonyeza vitufe vya mchezo uliotengenezwa na watu wengine, katika nchi nyingine, kwa faida ya kampuni asiyoijua. Lakini ipo daraja ya pili ya mchezo ambayo haijapewa haki yake katika mazungumzo yetu mintarafu ya elimu, nayo ni ya mchezo anaoutunga mtoto kwa akili na mikono yake mwenyewe. Dai langu ni kwamba mtu atakaye kujifunza kuiamrisha kompyuta, awe mtoto wa miaka minane au mtu mzima mwenye ndevu, hana mlango mwema wa kuingilia ilimu hiyo kuliko kutunga mchezo. Na kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tunao mlango huo tayari, kwa lugha yetu na bila ya malipo, ilhali shule zetu nyingi hazijaujali.

Lugha ninayoikusudia huitwa Scratch. Ilitolewa kwa watu wote mwaka 2007 na watafiti walioongozwa na Mitchel Resnick katika Media Lab ya chuo cha MIT nchini Marekani, ikakusudiwa hasa kwa vijana wa umri wa miaka 8 hadi 16, ingawa mtu mzima akianzia hapo hapungukiwi na heshima yoyote. Ndani yake amri haziandikwi herufi kwa herufi: kila amri ni kipande chenye rangi ya jamii yake, buluu kwa mwendo, manjano kwa tukio la kuanzisha jambo, chungwa kwa kurudia na kwa masharti, na mwanagenzi huvikokota vipande hivyo na kuvipachika kimoja chini ya kingine mpaka vikawa mpango kamili ambao mashine itaufuata. Katika lugha nyingine za kompyuta, mwanagenzi akisahau mkato mmoja au mabano ya kufungia, mashine hukataa kazi nzima na kumrushia maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa, naye aghalabu huondoka siku hiyohiyo akiamini kwamba ilimu hii haikuumbiwa watu kama yeye. Hapa vipande visivyopatana havishikani kabisa, kwa hiyo akili yake yote hubaki katika fikra, nayo tahajia husubiri zamu yake. Na juu ya kioo pana mahali pa kuchagua lugha. Akichagua Kiswahili hapo, amri humgeukia kwa Kiswahili, kwa juhudi za watu waliojitolea kufasiri bila ya ujira, ambao wanastahili shukrani kubwa kuliko walizopata.

Fikra hii ina nasaba ya heshima. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz waliitoa lugha ya BASIC ili wanafunzi wa fasihi na wa historia nao waweze kuitumia mashine ambayo hadi wakati ule ilikuwa milki ya wanahisabati na wahandisi. Na watu wengi walioshika kompyuta miaka ya sabini na ya themanini walijifunza kwa kunakili, mstari baada ya mstari, michezo iliyochapwa vitabuni, kama ile aliyoikusanya David Ahl. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania, ilizaliwa Logo, kazi ya Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert. Huyu Papert alikuwa mwana wa Afrika, mzaliwa wa Pretoria mwaka 1928, aliyefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa elimu ya makuzi ya akili za watoto. Na kutoka huko alipata imani iliyomwongoza umri wake wote, kwamba mtoto hujenga maarifa yake mwenyewe, na huyajenga vyema zaidi anapotengeneza kitu anachokipenda na ambacho wenzake wataweza kukiona. Katika Logo mtoto alimwamuru kobe kwenda mbele na kugeuka, na kobe akachora njia yake. Scratch ni tunda la mti huohuo, na Resnick hafichi deni lake kwa Papert.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana watu huzungumza juu ya faida za kompyuta kwa maneno mapana mno hata msikilizaji asijue mtoto hufanya nini hasa akiketi. Tuseme anataka kutunga mchezo wa embe linaloanguka na kapu la kulidakia. Uwanja wa Scratch una upana wa vipimo 480 na kimo cha 360, na kitovu chake ni sifuri. Kushoto hufika hasi 240, kulia 240, juu 180, chini hasi 180. Namba hasi, ambazo darasani alizikariri bila kuzionea haja, zinakuwa mahali: embe likiwa na kimo cha hasi 100 lipo chini, na jicho lake linaliona. Analiweka embe juu, anaamuru lipunguze kimo chake kwa vipimo vitano na amri hiyo irudiwe daima, nalo linaanguka. Anaamuru kapu lifuate kipanya. Kisha anaweka sharti: embe likiligusa kapu, alama iongezeke kwa moja.

Anaucheza mchezo wake kwa furaha, anadaka embe moja, na alama zinapanda hadi saba. Hapo ndipo somo linapoanza. Mashine haikukosea, imefanya hasa kile ilichoambiwa, kwa kuwa embe lililopita ndani ya kapu liliendelea kuligusa katika kila mrudio wa amri, na kila mguso ukahesabiwa. Mtoto hana budi kuirudia fikra yake mwenyewe hatua kwa hatua, aone kwamba alichokisema sicho alichokikusudia, kisha agundue kuwa embe lazima lirudishwe juu papo hapo baada ya mguso wa kwanza, kabla amri haijazunguka tena. Hakuna mwalimu aliyemwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu. Mchezo wenyewe umekataa kuwa mchezo wa haki, naye, kwa kuwa anautaka uwe wa haki, hatalala mpaka autengeneze. Namna hii ya kuikagua kauli ya nafsi yako bila ya hasira na bila ya aibu ndiyo adabu kuu ya kazi ya kompyuta, nami sijui somo jingine linaloitoa upesi hivyo kwa mtoto mdogo.

Wako wasemao kwamba michezo hii ni ya kigeni, na kwamba paka yule aliye nembo ya Scratch na maroketi yake havituhusu. Jawabu langu ni bao. Bao la Kiswahili, linalochezwa barazani kutoka Lamu hadi Unguja na kwingineko, lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita katika shimo maalumu liitwalo nyumba na mbilimbili katika mashimo mawili yaliyo jirani nayo, na 22 huwa mkononi mwake kwa kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Mtu akitaka kuliandika katika kompyuta, ataona ajabu jinsi wazee wetu walivyokuwa wakiifanya hisabati hii kwa vidole. Mashimo 16 ya kila mchezaji huwa orodha ya namba, kutoka la 1 hadi la 8 mbele, kushoto kwenda kulia, na kutoka la 9 hadi la 16 nyuma, kwa kurudi. Kusambaza kete ni kuichukua namba ya shimo moja, kuliacha tupu, na kuongeza moja katika kila shimo linalofuata mpaka kete zimekwisha, na ukipita la 16 warudi la 1. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, inalala, na zamu imekwisha. Likiwa la mbele na lina kete, yafaa kutazama shimo la mbele la mpinzani linaloelekeana nalo, na akiyahesabu mashimo ya kila mmoja kuanzia kushoto kwa mwenyewe, atagundua kuwa la 3 hutazamana na la 6, la 1 na la 8, yaani daima jumla ni tisa. Na njia ya kujua kama programu ni salama imo ndani ya mchezo: jumlisha mashimo yote na mikono yote miwili, na ukipata 63, kete moja imepotea katika amri zako, nenda ukaitafute.

Fauka ya hayo, kompyuta haikubali jambo la kukisia. Nyumba ina sheria zake za pekee, kunamua kuna zake na mtaji, yaani awamu ya pili ambapo mkononi hamna kete tena, una zake, na kijana anayeandika bao atalazimika kumwendea mzee barazani na kumwuliza maswali ambayo mzee huyo pengine hajawahi kuulizwa kwa utaratibu: ni lini nyumba husafiri, na ni lini huruhusiwa kubaki? Mzee atajibu, kijana ataandika, na maarifa yaliyokaa katika vichwa yatapata kuhifadhiwa kwa usahihi. Kazi hii si ya wiki ya kwanza, na sidai kwamba mtoto wa miaka minane ataimaliza. Lakini kijana wa sekondari aliyekwisha kuyadaka maembe yake anaiweza.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba vipande vya rangi ni mambo ya kitoto, na kwamba afadhali mwanafunzi aanzie lugha ya kazi. Mwenye kutaka kuendelea ataendelea. Kurudia, sharti na orodha alivyovifahamu hapa atavikuta vilevile katika Python, au katika Lua, lugha fupi na nyepesi ambayo watunga michezo wameipenda kwa miaka mingi, na ambayo lahaja yake ndiyo waiandikayo vijana wanaotengeneza michezo yao ndani ya jukwaa la michezo la Roblox. Na juu ya Lua napenda msomaji ajue jambo moja: haikutoka California. Ilitungwa mwaka 1993 na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazili, katika zama ambazo vizuizi vya biashara vya nchi ile vilikuwa vimewazoeza watu wake kujitengenezea zana zao wenyewe kuliko kungoja za kuagizwa. Leo imo ndani ya michezo inayochezwa ulimwenguni kote.

Iliyobaki ni hoja ya vyombo, nayo ni ya kweli: kompyuta ni chache na intaneti ni ghali. Hata hivyo Scratch huweza kuwekwa ndani ya kompyuta ikafanya kazi bila ya intaneti kabisa, ikabebwa kwa flashi kutoka shule hadi shule, na watoto watatu wakikaa kwenye mashine moja hushauriana, jambo ambalo kwa kazi hii ni heri. Kinachonisikitisha zaidi ni shule zenye mashine, ambamo wanafunzi hunakili kutoka ubaoni sehemu za kompyuta na maana zake, wakafaulu mtihani bila ya kuiamuru kompyuta jambo hata moja. Kenya mwaka 2022 ilikubali mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini mtaala huo na mingine itakayofuata katika nchi zetu itahitaji vitabu vya Kiswahili vinavyomshika mwanagenzi mkono, vyenye maembe na bao, na kazi hiyo ni ya walimu na waandishi wetu, hatuwezi kuwaachia wafasiri wa kujitolea peke yao.

Mitaala hiyo itahitaji pia mtihani wa namna nyingine. Mwanafunzi na aje na mchezo wake, aufungue mbele ya mtahini, aeleze kwa Kiswahili kila kipande kinafanya nini; kisha mtahini ampe sharti jipya ambalo hakulitazamia, kama kwamba baada ya alama ya kumi embe lianguke kwa kasi maradufu, na baada ya alama ya ishirini mchezo uishe, amwachie nusu saa, na amtunuku kwa kadiri ya kile kitakachofanya kazi.